Balozi wa ndovu na punda wa Kayole

MAJUMA matatu yaliyopita, mwalimu mmoja anayefundisha Kiswahili katika shule ya upili mtaani Umoja alinitumia picha ya insha ya mwanafunzi wake wa kidato cha pili, na chini yake akaandika swali. Mada ya insha ilikuwa 'Haki za Wanyama'. Kijana alikuwa ameandika, pamoja na mengine, kwamba 'ndovu zinauawa sana ndiposa Lupita akakuwa balozi yao'. Mwalimu, kama ilivyo ada yetu sisi wenye kalamu nyekundu, alikata 'zinauawa' akaandika 'wanauawa', akakata 'akakuwa' akaandika 'akawa', akakata 'yao' akaandika 'wao'. Hadi hapo hakuna neno. Swali lake lilikuwa hili: 'Ndugu mwandishi, hapa namsahihisha kijana au naisahihisha Eastlands nzima? Na huyo balozi, je, ndilo neno lenyewe?'

Nilidhani ningemjibu kwa mistari miwili. Sikuweza. Kadiri nilivyolitazama swali ndivyo nilivyoona kwamba limeshika kitu ambacho kampeni za kutetea wanyama, zile zinazotanguliza sura za watu mashuhuri, hazijawahi kukishika.

Nianze na balozi, maana huyu ndiye mgeni rasmi wa kampeni zote hizi. Balozi katika Kiswahili ni mtu aliyetumwa. Ana aliyemtuma, ana barua mkononi, na akiboronga huitwa nyumbani. Watanzania walilishusha neno hilo hadi mlangoni wakapata balozi wa nyumba kumi, mtu anayejulikana na majirani anaowasemea, na ambaye majirani hao wanaweza kumgongea usiku. Sasa balozi wa ndovu ametumwa na nani? Si na ndovu. Ametumwa na shirika, kwetu sisi. Kwa hiyo, tukitaka kuwa wakweli, yeye ni balozi wa shirika, na ndovu ni picha iliyo kwenye bendera ya ubalozi. Sisemi hili kwa kejeli. Nalisema kwa sababu neno hili limeingia magazetini bila kupigwa msasa, na wasomaji wamelipokea wakidhani mnyama ndiye mkuu wa ubalozi huo.

Tuwape haki yao, lakini. Agosti 2012, Yao Ming, mchezaji wa mpira wa vikapu kutoka China mwenye kimo cha mita 2.29, alizuru Kenya akiwa na shirika la WildAid, akaenda Samburu na kusimama mbele ya mizoga ya ndovu waliokatwa nyuso. Mwaka huo, kwa hesabu ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), majangili waliwaua ndovu 384 nchini. Mwaka uliofuata Dkt Paula Kahumbu na shirika lake la WildlifeDirect walizindua kampeni iliyoitwa Hands Off Our Elephants, mlezi wake akiwa Mama wa Taifa wa wakati huo, Bi Margaret Kenyatta. Mwaka 2015 ikawa zamu ya Lupita Nyong'o, aliyekuwa ametoka kushinda Oscar mwaka uliotangulia. Alikuja Nairobi akatangazwa kuwa mtetezi wa ndovu duniani kwa niaba ya WildAid. Kufikia mwaka 2014 idadi ya ndovu waliouawa ilikuwa imeshuka hadi 164.

Je, nyota ndio waliofanya kazi hiyo? Kwa sehemu. Januari 2014 ilianza kutumika sheria mpya ya wanyamapori iliyomtishia muuaji wa ndovu kwa faini isiyopungua Sh20 milioni au kifungo cha maisha, na mtu akisikia maisha jela huwa hahitaji kuoneshwa filamu. Lakini kwa upande wa Yao Ming sina ubishi. Yeye alisema na mnunuzi. Alirudi kwao akawaambia Wachina, kwa Kichina, kwamba kipambo kile mezani kilikuwa uso wa mnyama. Serikali ya China ilifunga biashara ya pembe za ndovu nchini mwake mwishoni mwa mwaka 2017. Hakuna anayeweza kupima ni kiasi gani cha uamuzi huo kilitoka kinywani mwa mchezaji mmoja, ila alikuwa mahali pake, akisema kwa lugha yake na watu waliokuwa na pesa mkononi. Hapo umaarufu ulikuwa na kazi.

Shida yangu ni kampeni hizo zikigeukia huku kwetu.

Chukua jina lenyewe: Hands Off Our Elephants. Ni kampeni ya Kenya, iliyoanzishwa na Mkenya, ikazinduliwa Kenya, na jina lake ni la Kiingereza. Mtu wa Makadara angesema tu, 'wachana na ndovu zetu', na hapo ndipo maswali yangeanza, kwa kuwa neno 'zetu' likitamkwa kwa Kiswahili huwa na uzito ambao 'our' ya bango haina. Zetu na nani? Mtoto wa Dandora anaweza kumaliza shule ya msingi na asione ndovu aliye hai. Hata Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambayo iko hapo tu ukivuka mji, haina ndovu wake, ila wale mayatima wanaolelewa kwenye kituo cha Sheldrick, wanakopelekwa wageni mashuhuri kupigwa picha wakiwanyonyesha kwa chupa. Ndovu anayejulikana zaidi Eastlands ni yule wa kwenye chupa ya Tusker, bia iliyopewa jina hilo baada ya mmoja wa waanzilishi wa kampuni kuuawa na ndovu mwaka 1923. Hapo bwana, tembo mnyama na tembo kinywaji wamekutana kwenye kibandiko kimoja, na sijui kamusi gani itawaachanisha.

Kiswahili kina namna ya kusema kwamba mtu ni mashuhuri bila kuazima 'selebu' wala 'staa'. Tunasema ana jina. Amepata jina. Ni mwenye jina. Umaarufu kwetu ni jina lililotembea mbali kuliko miguu ya mwenyewe. Kwa hiyo nyota anapoiunga mkono kampeni, kinachokopeshwa ni jina, na mkopo wowote una swali lake: jina hilo linamfikia mnyama, au linabaki kwa mwenyewe?

Novemba 2009 Usain Bolt alikuja Nairobi akamwasili mtoto wa duma. Duma mbio, Bolt mbio, wazo lilikuwa na mvuto. Duma huyo alipewa jina gani? Lightning Bolt. Mnyama alivishwa jina la mgeni wake, kama mtoto anayeitwa kwa jina la mwajiri wa babake. Linganisha na Rwanda, ambako tangu mwaka 2005 kumekuwa na sherehe ya kila mwaka ya kuwapa majina watoto wa sokwe wa milimani. Sherehe hiyo huitwa Kwita Izina. Huhitaji mkalimani: kwita ni kuita, izina ni jina. Imetokana na desturi ya Wanyarwanda ya kumpa jina mtoto mchanga mbele ya jamaa na majirani. Watu wenye majina makubwa hualikwa, na mwaka 2019 Naomi Campbell alikuwa miongoni mwao, lakini majina wanayoyatamka huwa ya Kinyarwanda, yenye maana kwa Mnyarwanda. Nyota anakopesha kinywa, jina linabaki la mnyama na la nchi. Kenya ilipoanzisha sherehe yake Amboseli mwaka 2021 iliiita Magical Kenya Tembo Naming Festival, yaani neno letu moja limebanwa katikati ya maneno manne kama abiria wa matatu ya jioni.

Na kwa kuwa Bi Campbell ametajwa, haitakuwa sawa nimpite. Januari 2021 aliyekuwa Waziri wa Utalii, Bw Najib Balala, alitangaza kwamba mwanamitindo huyo Mwingereza angekuwa balozi wa kimataifa wa utalii wa Kenya. Mitandao iliwaka. Wengi waliuliza kwa nini si Lupita, ambaye walau ni wa kwetu. Sikuona wengi wakikumbuka jambo la zamani zaidi. Katika miaka ya 1990 Bi Campbell alijitokeza kwenye tangazo maarufu la shirika la PETA, pamoja na wanamitindo wenzake, wakisema ni afadhali watembee uchi kuliko kuvaa manyoya ya wanyama. Mwaka 1997 akaonekana jukwaani Milan akiwa amevaa manyoya hayohayo, na shirika likamwacha. Wahenga wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na sidhani walipata kuona tangazo ambalo methali yao ingelikaa vizuri hivyo, nje na ndani.

Sasa niende Kayole, maana ndiko nilikopata jibu la swali la mwalimu, au sehemu yake.

Ilikuwa Jumamosi, mabomba yamekauka siku ya nne, na mitaa yote ya huku juu, kuanzia Kayole hadi Njiru, ilikuwa imerudi mikononi mwa wauza maji. Wengine huvuta mikokoteni wenyewe. Wengine wana punda. Kijana anayetuletea maji sisi ana punda mmoja na mitungi ya lita 20 iliyopangwa kama wanafunzi gwarideni. Alipofika mlangoni punda alisimama, akainamisha kichwa, akakataa kusonga.

'Hii punda imechoka, mwalimu,' akaniambia. 'Imeamka saa tisa.'

Hii punda. Imechoka. Imeamka. Kiswahili sanifu kinataka 'punda huyu amechoka', kwa kuwa viumbe vyenye uhai, viwe na majina ya umbo lolote, huingia katika ngeli ya A-WA pamoja na watu. Mtu amekufa, ndovu amekufa, kipepeo amekufa, kiroboto amekufa. Ni jambo la ajabu ukilitafakari: Kiswahili kimewapa wanyama kitenzi kilekile cha binadamu, kuanzia ndovu hadi kiroboto, kabla shirika lolote halijachapisha bango la haki zao. Watu wa Pwani husema mbuzi zangu, ng'ombe zake, wakicheza na kimilikishi, lakini kitenzi hakiyumbi: mbuzi zangu wamelala.

Nairobi imevunja mpango huo. Huku kwetu karibu kila kitu ni 'hii' na 'imefanya'. Hii gari, hii mbwa, hata hii mtoto. Wapo wasomi wanaoona hapo dalili ya moyo mgumu: eti mji umemshusha mnyama kutoka ngeli ya watu hadi ngeli ya vitu, ndiyo sababu anachapwa. Wana ushahidi kidogo, nao ni matusi. Mtu akikasirika Eastlands hasemi 'mbwa huyu'. Anasema 'umbwa hii', na ile 'hii' inauma kuliko 'umbwa', maana inakutoa kwenye ubinadamu na kwenye uhai kwa pamoja. Nami niliwahi kuiamini hoja hiyo. Nimeifundisha hata.

Nikamuuliza kijana, 'Ana jina?'

'Nani?'

'Punda.'

'Aah, huyu ni Shiru.' Akampapasa shingoni. 'Shiru hapendi wageni. Jana alikataa kula, nikaona labda ameshikwa na tumbo, nikalala hapo nje na yeye.'

Msomaji, rudia maneno hayo polepole. Dakika moja iliyopita alikuwa 'hii punda imechoka'. Jina lilipotajwa tu, akawa huyu. Akawa hapendi, alikataa, ameshikwa, na yeye. Kijana hakusikia kwamba amebadilisha sarufi. Hakuna mwalimu aliyemkatia kwa wino mwekundu. Na tangu siku hiyo nimekuwa nikitega sikio: kwa wauza maji, kwa wafugaji wa mbwa wa Umoja na Donholm, kwa mama anayefuga mbuzi watatu karibu na reli. Utaratibu ni uleule. Mnyama wa jumla ni 'hii'. Mnyama mwenye jina ni 'huyu'. Eastlands haikuitupa ngeli ya A-WA. Imeiwekea mlango, na ufunguo wa mlango ni jina.

Ikiwa ndivyo, basi kampeni za nyota zina kosa ambalo haliponi kwa kubadilisha nyota. Zinakuja na jina kubwa, lakini jina hilo ni la mtu. Mnyama anabaki wa jumla, anabaki hesabu: 384, 164. Kijana wa kidato cha pili aliisikia kampeni vizuri kabisa alipoandika 'ndovu zinauawa' na 'Lupita'. Mwenye jina katika sentensi yake ni mmoja tu. Sarufi yake iliripoti kilichokuwa kwenye bango.

Na si kwamba ndovu hawezi kuwa na jina. Wazee watamkumbuka Ahmed wa Marsabit, ndovu mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mzee Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais, akawa na askari wa kumfuata. Alikufa mwaka 1974 kwa uzee, jambo ambalo kwa ndovu wa pembe kama zile ni ushindi. Sanamu yake ya ukubwa kamili ingali imesimama katika Makumbusho ya Taifa Nairobi, na mabasi ya shule za Buruburu na Kariobangi hupeleka watoto pale kila muhula. Nimewasikiza wakiwa pale. Hawasemi 'hii ndovu'. Wanasema 'Ahmed alikuwa anakula nini?' Hakuna aliyelazimika kuwa balozi wa Ahmed. Ahmed ndiye aliyekuwa staa.

Turudi kwa punda, ambaye hakupata staa wala amri ya rais, ilhali kisa chake ni kikubwa. Mwaka 2012 sheria za nyama nchini zilirekebishwa punda akahesabiwa miongoni mwa wanyama wa kuchinjwa. Kuanzia mwaka 2016 vichinjio vikafunguliwa, vikafika vinne: Naivasha, Mogotio, Machakos na Turkana. Soko lilikuwa China, tena si la nyama sana, ni la ngozi. Ngozi huchemshwa ikatoa utomvu unaoitwa ejiao, unaouzwa kama dawa na kipodozi. Utafiti wa shirika la serikali la KALRO uliotolewa mwaka 2019 ulihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018, na ukaonya kwamba wanachinjwa kwa kasi kubwa kuliko wanavyozaliwa. Wezi waliingia kazini. Watu waliamka asubuhi wakakuta kichwa na kwato. Februari 2020 aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Bw Peter Munya, alipiga uchinjaji huo marufuku, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo Mei 2021, na hatimaye Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kuzuia biashara ya ngozi za punda barani kote.

Soko lilikuwa lilelile la pembe za ndovu. Nchi ileile. Lakini sikuona kando ya Jogoo Road bango la mchezaji mrefu akimkumbatia punda. Waliopiga kelele walikuwa wenye punda wenyewe, wakiandamana na wanyama wao, pamoja na mashirika machache yanayojishughulisha na punda bila kamera nyingi. Punda hana pembe za kupigia picha. Yuko kila mahali, ana harufu, na methali imeshamharibia jina kwamba shukrani yake ni mateke. Hata tulipomtaka awe ishara yetu tulimwazima kwa uchovu tu. Kwa miaka ya karibuni mlipa ushuru wa Nairobi akilalamika husema 'punda amechoka', akijisema yeye mwenyewe. Tazama kiambishi lakini: amechoka, si imechoka. Punda akiwa sisi, sarufi inanyooka!

Kuna wasomaji watakaoniandikia kwamba haya ya 'haki za wanyama' ni mambo ya Wazungu, na kwamba Mwafrika ana shida zake. Hoja hiyo huwa inasemwa kwa sauti kubwa kila nyota anapotua na ndege, na nyota wenyewe wanaipalilia, kwa kuwa sura zao zinafanya jambo lionekane limetoka ng'ambo. Napinga. Nenda Kiamaiko, pembezoni mwa mtaa wa Huruma, mahali ambapo mbuzi kutoka Marsabit na Moyale hushushwa kwenye malori na kuchinjwa ili mji ule. Si mahali pa kupeleka mgeni mwenye moyo mwepesi. Lakini zungumza na mchinjaji mzee aliyepita madrasa, atakueleza kwamba kisu sharti kiwe kikali, kwamba hakinolewi mbele ya mnyama, na kwamba mbuzi mmoja hachinjwi mwingine akitazama. Ukimuuliza kwa nini, neno atakalotumia ni haki. Haki ya mnyama kwa mwenye kisu. Neno hilo limekuwa katika Kiswahili kwa maana hiyohiyo tangu kabla mashirika haya hayajazaliwa, na limekaa na jirani yake huruma, ambaye sisi tumempa mtaa mzima. Wote wanaozingatia haki hiyo Kiamaiko? Hapana. Nimeona mbuzi wakiburutwa kwa sikio. Ninachosema ni kwamba mtetezi anayetaka kusikizwa pale ana msamiati tayari, na anaupita akienda kutafuta mwingine kwenye taarifa kwa wanahabari.

Sitaki pia kumfanya kijana wa maji kuwa mtakatifu. Chini ya kamba iliyompita Shiru kifuani palikuwa na kidonda kibichi, nzi wakikizunguka. Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza kumtesa mnyama na kumbebesha mzigo kupita kiasi, na kidonda kile kwa maoni yangu kilikuwa ushahidi tosha. Nilimwonesha. Hakukana. 'Hiyo ni kamba,' akasema. 'Ile ya ngozi, yenye iko na sponji, ni pesa. Na nikimpumzisha siku tatu, mwalimu, hatuli, yeye na mimi.' Jina limemwingiza Shiru katika ngeli ya watu, halijamnunulia hatamu. Hapo ndipo fedha za mwenye jina zingefaa, ikiwa zinatafuta pa kwenda: hatamu nzuri, mafuta ya kidonda, daktari wa mifugo anayefika Kayole siku moja kwa juma. Ni mambo yasiyopendeza kwenye picha.

Nilimuuliza kama amesikia kwamba Lupita alikuwa balozi wa ndovu.

'Lupita wa Oscar?' Akacheka. 'Sasa ndovu inabeba maji?'

'Na punda, balozi wake nani?'

Akafikiria kidogo, akikaza kamba upya, safari hii mbali kidogo na kidonda. 'Si ni mimi? Mimi ndio najua penye inamuuma.'

Wataalamu watanivumilia niseme kwamba sentensi hiyo ya mwisho, yenye 'ndio' badala ya 'ndiye' na 'penye' badala ya 'panapo', ndiyo fafanuzi bora zaidi ya neno balozi niliyoisikia mwaka huu. Anajua panapouma, na ukigonga mlango wake usiku yupo.

Nilimjibu mwalimu wa Umoja hivi: sahihisha, kwa kuwa mtihani wa kitaifa hautamhurumia kijana, lakini usimwambie kwamba 'zinauawa' ni ukosefu wa utu. Kisha mpe insha ya pili, si juu ya wanyama kwa jumla, bali juu ya mnyama mmoja anayemjua, na uone atakachofanya bila kuambiwa.

Insha hiyo ya pili imenifikia juzi. Kijana ameandika kurasa mbili kuhusu mbwa wa kwao, Simba, aliyeokotwa kwenye mtaro wa Mutindwa akiwa na mguu uliovunjika. Simba analala, Simba anabweka, Simba aliogopa mvua. Katika kurasa zote mbili hakuna kosa hata moja la upatanisho kuhusu Simba. Kosa lipo karibu na mwisho, pale anapoeleza jinsi Simba alivyopoteza mfupa wake: 'Hiyo paka ya jirani ndio iliiba'.

Mwalimu ameuliza kama akate. Nimemwambia amuulize kijana kwanza kama paka huyo ana jina.